Kikohozi Baada ya Kupona Kifua Kikuu

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kikohozi cha mtu aliyekwisha kupona kifua kikuu.

Baba yangu mdogo ni mvuvi wa Bukima, huko Musoma Vijijini. Alimeza dawa za kifua kikuu miezi sita bila kukosa hata siku moja, makohozi yakapimwa, akaambiwa amepona. Baada ya miaka miwili kikohozi kikarudi, safari hii na makohozi ya kijani na homa ya kutetemesha. Majirani wakaanza kumtengea kikombe. Yeye naye kwa aibu akaikwepa zahanati, akawa ananunua dukani vidonge vya rangi mbili, vinne vinne, kadiri samaki walivyouzika.

Nilipomfikisha hospitali, vipimo havikuonyesha kifua kikuu. Alikuwa na nimonia ya bakteria wengine kabisa.

Yawezekanaje? Kifua kikuu hata kikiisha huweza kuacha makovu. Mirija ya hewa hutanuka na kulegea, vinyweleo vyake vinavyosukuma uchafu nje huharibika, makohozi yakatuama kama maji ya dimbwi. Humo bakteria hupata makao. Moshi wa kuni na sigara huzidisha mambo, na kwa mwenye virusi vya Ukimwi hatari ni kubwa zaidi.

Lakini kifua kikuu chenyewe nacho hurudi, kwa hiyo kubahatisha hakufai. Picha ya eksirei peke yake haitoshi, kwani kovu la zamani laweza kufanana na ugonjwa mpya. Hata mashine ya kisasa inayosoma chembe za urithi huweza kunasa mabaki ya vijidudu vilivyokwisha kufa. Daktari akiwa na shaka, makohozi huoteshwa maabara, na jibu huchukua wiki kadhaa.

Mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, Dk. Karel Styblo akiwa mshauri, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaufanya mfano kwa nchi nyingine. Sifa hiyo twastahili. Ila baba mdogo alipomaliza dawa hakuambiwa kwamba mapafu yake huenda yasirudie hali ya zamani.

Siku hizi kadi yake ya matibabu anaitunza kwenye mfuko wa nailoni, nayo ndiyo anayoitoa kwanza akiingia kwa mganga. Sigara ameacha. Kuhusu moshi wa kubanikia samaki, bado tunabishana.