Pesa Ikichelewa, Mgonjwa Njo Analipa

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Beni



Leo tunaongea juu ya neno moja ambalo redio inalitaja kila mara, lakini watu wachache wanatufasiria: retrosesio. Ni ile pesa ambayo Kinshasa inapashwa kurudishia provensi. Wengi wanafikiri ni habari ya wakubwa, ya guverneri na mawaziri. Apana. Hiyo pesa ikikosa kufika, pengo lake linaonekana kwenye kituo cha afya cha mtaa wako, kwenye kitanda ambacho dada yako analalia akizaa.

Tuanze na sheria. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya provensi, na inakatwa pale pale inapokusanywa. Maana yake provensi haipashwi kuomba. Halafu sheria ya Oktoba 2008 ikaongeza: ndani ya sehemu ya provensi, asilimia 40 ni ya miji, komine, sekteri na sheferi. Tufanye hesabu ya sokoni. Kama mapato ni 100, basi 40 ni ya provensi. Ndani ya hizo 40, 16 zishuke mpaka kwa meya na kwa bwami, 24 zibaki kwa provensi. Njo vile sheria inasema.

Kwa matendo, pesa yote inapanda Kinshasa kwanza, halafu inashuka kwa vipande, imechelewa, tena haitoshi kiasi cha sheria. Neno lenyewe linatuambia ukweli. Kitu ambacho Katiba imesema kisiondoke, sisi tunasema "kinarudishwa".

Mshahara wa munganga na muuguzi uko na njia yake ingine. Unatoka moja kwa moja kwenye kasha ya taifa, na kila malipo ya Serikali yanapita hatua 4: kuandika kwamba pesa itatumika, kuhakikisha kiasi, kuamuru ilipwe, na kuilipa. Faili inatoka budjeti, inaenda feza, inaishia Banki Kuu. Ikilala juma mbili kwenye meza moja, huku chini watu wanalala njaa. Njo maana budjeti inaweza kupigiwa kura vizuri, na makofi juu yake, lakini kituo cha afya kisione hata sanduku moja ya dawa. Budjeti iliyopigiwa kura ni ahadi tu. Pesa iliyolipwa njo kitu.

Na hao wanaongojea mshahara bado wako na bahati kidogo. Kuko wengine ambao wamefanya kazi miaka mingi, wako na barua ya kazi, lakini jina halijaingia kwenye listi ya malipo. Wengine wanapata primu bila mshahara. Wengine hawapate kitu. Muuguzi wa namna hiyo njo anakuchoma sindano usiku.

Sasa sikilizeni vizuri. Pesa ya Serikali ikichelewa, kituo cha afya hakifunge. Kingefunga, Kinshasa ingesikia haraka. Kinaendelea, na kinatafuta pesa pahali ingine: kwa mgonjwa. Unalipa fishi, unalipa kumuona munganga, unalipa glovu, uzi, seramu, mafuta ya jenereta. Mwisho wa mwezi, wafanyakazi wanagawanya kile kilichoingia. Ile njo primu ya pale pale. Kwa hiyo mama ambaye ameuza ndizi njo analipa muuguzi, pahali pa Serikali. Na mama ambaye hana, anazuiliwa hospitalini na mtoto wake mpaka familia ilete makuta.

Angalieni ubaya wa mpango huo. Muuguzi na mgonjwa, wote wawili maskini, wanawekwa uso kwa uso ili wanyanganyane franka kidogo. Mmoja anasema, "Mama, leta kwanza makuta." Mwingine anajibu, "Munatuua!" Wanagombana, wanatukanana, na ule mwenye deni hayuko hapo.

Kuko pia kazi ambayo haina mtu wa kuilipa. Mgonjwa analipa kutunzwa, lakini hakuna mgonjwa anayelipa ripoti ya juma ambayo muuguzi anatuma kwa zone ya afya. Hakuna anayelipa esansi ya moto ya kupeleka chanjo vijijini. Ile ripoti njo inatuambia mapema kama ugonjwa mubaya umeingia.

Sisi watu wa Beni, tunajua bei ya jambo hilo. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina, hapa karibu. Ilimalizika tarehe 25 Juni 2020, na watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Wakati ule pesa ilionekana: magari, hoteli, primu za dola. Watu wakasema "Ebola biashara". Tulilipa hiyo chuki kwa damu, juu watumishi wa afya walishambuliwa na wengine wakauawa. Mwaka ule ule wa 2020, Ebola ikaingia tena Ekwateri, na mwezi wa Agosti watumishi wakagoma juu hawakulipwa. Kumbe hata katikati ya Ebola mshahara unaweza kuchelewa.

Sasa iko ulizo ngumu. Wauguzi wakigoma, tuko upande gani? Wengine kati yetu wanasema, "Wanaua watu." Wengine wanasema, "Wako na haki." Jibu letu ni hili: mgomo wao ni haki, na mama mwenye uchungu wa kuzaa pia iko na haki. Kwa hiyo tunaomba huduma ya haraka isifungwe hata siku moja, na tunasimama nao kwa yote mengine. Lakini tusidanganyane: mwenye kuuza dawa ya bure kwa mlango wa nyuma, tutamsema. Mshahara wa kuchelewa hauruhusu kuiba maskini.

Tutauliza nani? Kwingine raia wanaenda kwa deputé wa provensi. Hapa kwetu, tangu Mei 2021, chini ya eta de sieje, asamble ya provensi imesimamishwa na guverneri ni mwanajeshi. Basi tuuzungushe mlango. Tuko na deputé wa taifa, na kikao cha budjeti kinaanza tarehe 15 Septemba mpaka tarehe 15 Desemba. Kifungu cha 27 cha Katiba kinatupa haki ya kuandikia wakubwa petisio, na hakuna mtu anayepashwa kuteswa juu ya kuitia sahihi.

Tunaomba mambo 3:

1. Kila mwezi, meya abandike mbele ya biro yake: retrosesio ngapi imeingia, tarehe gani, imefanya kazi gani.
2. Mshahara wa afya uwe na tarehe inayojulikana. Listi isafishwe: majina ya watu wasiokuwako yatoke, wanaofanya kazi waingie.
3. Deputé wetu waulize mawaziri wa budjeti na wa feza, mbele ya watu wote, miezi gani ya Kivu ya Kaskazini haijalipwa.

Na wewe kijana, usingojee paka siku ya kuandamana. Kila eneo la afya liko na komite yake, kodesa, pahali raia wanakaa na muuguzi mkubwa. Ni nani anakuwakilisha pale? Unamujua jina? Enda juma hii. Uliza dawa gani ziliingia, makuta gani yalikusanywa, nani hajalipwa na tangu lini. Andika. Leta karatasi hapa. Tukiwa na karatasi za mitaa yote, hakuna waziri atasema hajui.

Muuguzi akikuomba makuta kesho, usimutukane. Muulize: "Serikali imekulipa mwezi gani wa mwisho?" Kutoka hapo mutaongea kama watu wenye adui mmoja, na adui huyo ni uzembe.

Petisio iko pale kwa meza. Tie sahihi.