Perege Wagonjwa Bwawani

Wengi wetu huku Mnyuzi tukimwona perege wa bwawani ana vidonda vyekundu, au mapezi yamelika, au tumbo limevimba, hukimbilia dukani kununua vidonge vya wanadamu na kuvimimina majini. Fedha hupotea, na samaki hufa vilevile.

Bakteria mmoja aletaye vidonda hivyo, Aeromonasi, huishi majini siku zote, hata katika mto wetu Pangani, iliko asili ya perege ambaye wataalamu wamempa jina la Korogwe. Samaki mwenye nguvu humshinda. Humlemea yule aliyechoka: aliyesongwa na wenziwe, aliyebanduka magamba kwa kushikwa kwa pupa, au aliyekosa hewa. Nayo hewa hupungua mno alfajiri, maana usiku mimea ya majini huivuta wala haiitoi. Ukiwaona wanatweta juu ya maji kabla ya jua kuchomoza, chanzo unacho mbele ya macho.

Basi tuanze kwa kuyatibu maji. Acha kulisha, punguza samaki, badili robo ya maji polepole. Mwenye kidonda atengwe, aogeshwe katika maji ya chumvi, gramu 10 kwa lita, dakika zisizozidi 30. Akilala ubavu, mtoe upesi. Dawa za kuua bakteria tumwachie daktari wa wanyama: zikitiwa ovyo hufuga bakteria wasiosikia dawa, na samaki huyo ndiye tutakayemla jioni.