Mtihani Mmoja, Njia Zisizolingana

(Mada kwa viongozi wa Walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani, Mabawe)





Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya elimu na haki. Mada ni pana, kwa hiyo nimechagua swali moja ambalo wazazi hujiuliza kila mara matokeo ya mitihani yanapotangazwa: kwa nini watoto wa taifa moja, wanaofanya mtihani mmoja, hawalingani katika kufaulu kutoka mkoa hadi mkoa, na kutoka wilaya hadi wilaya?

Wapo wanaojibu upesi. Husema watoto wa mahali fulani hawana akili, au wazazi wa mahali fulani hawapendi shule. Jibu la kwanza ni uongo, tena ni dharau kwa Mungu aliyegawa akili bila kutazama mipaka ya mikoa. Jibu la pili lina ukweli kiasi, nami nitalirudia. Lakini sehemu kubwa ya jibu imo katika namna shule, walimu na fedha zilivyogawanywa tangu ukoloni hadi leo. Jambo linalotokana na mgawanyo ni jambo la haki, na linaweza kusahihishwa na binadamu walewale wanaogawanya.

1. Karatasi moja kwa wote

Katika Jamhuri yetu ya Muungano, elimu ya msingi na ya sekondari si jambo la Muungano. Tanzania Bara ina wizara yake, na Zanzibar ina yake. Lakini Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ni chombo cha Muungano. Ndiyo sababu mtoto wa Wete, wa Moshi, wa Masasi na wa Ngara hufungua karatasi ileile ya Kidato cha Nne asubuhi ileile.

Kupimwa kwa kipimo kimoja ni jambo jema. Hatari ni kusahau kwamba kipimo hicho hakielezi safari ya kila mmoja. Mtoto wa Bugufi hujifunza Kihangaza nyumbani. Akiingia darasa la kwanza hukutana na Kiswahili. Akifika Kidato cha Kwanza hukuta masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa mjini aliyezaliwa katika Kiswahili, mwenye vitabu nyumbani na mwalimu wa ziada jioni, amevuka mto mmoja pale ambapo huyu wa kwetu amevuka miwili.

Tena, wastani huficha mengi. Kagera huhesabiwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia kwa shule. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ilijengwa hasa upande wa Bukoba. Ihungo, Nyakato, Kahororo na Rugambwa, shule zilizolea viongozi wengi, zote ziko Bukoba. Toka huko hadi Ngara ni safari ya zaidi ya kilometa 300. Sisemi kwamba wilaya zetu hushika mkia kila mwaka. Matokeo hupanda na kushuka. Ninalosema ni kwamba jina zuri la mkoa halijazi darasa la kijijini walimu.

2. Mizizi ya tofauti hizi

Wamisionari wa Afrika walifungua misioni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Huko Kilimanjaro nako misioni za Kikatoliki na za Kilutheri zilitangulia. Palipokuwa na misioni palikuwa na shule, na palipostawi kahawa palikuwa na fedha ya kulipa karo. Hivyo Buhaya na Uchaga zikaenda mbele. Mikoa mingine ilitazamwa na wakoloni kama ghala la vibarua. Kutoka Kigoma, kwa mfano, wanaume walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge, na familia zao zikabaki bila nguvu ya kujenga chochote.

Lipo jambo jingine ambalo Wakristo yatupasa tulitaje kwa unyofu. Kwa kuwa shule nyingi zilikuwa za misioni, wazazi wengi Waislamu, hasa wa pwani, waliogopa kuwapeleka watoto wao wasije wakabadilishwa dini. Hofu hiyo haikuwa bila sababu. Tofauti kati ya mikoa ya pwani na ya milimani haiwezi kuelezwa bila kuikumbuka.

Kwa upande wetu, mipaka yenyewe ilihamahama. Bugufi ilihesabiwa upande wa Urundi kabla ya kuwekwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Tukawa pembe ya mwisho ya koloni. Kisha, mwaka 1994, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja, wakikimbia kutoka Rwanda. Warundi walikuwa wamekwisha kuanza kuingia tangu mwaka 1993. Watu wetu waliwapokea, na Mungu atawalipa. Lakini wilaya iliyokuwa na barabara chache, misitu michache na shule chache ilibeba mzigo wa mataifa. Mzigo wa namna hiyo hauonekani katika orodha ya matokeo ya mitihani.

3. Dawa zilizojaribiwa

Tusiseme kwamba Serikali ilikaa kimya. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitwaa shule nyingi za madhehebu, ili mtoto asibaguliwe kwa dini yake. Miaka ya 1970 ukaanza mgawo wa nafasi za Kidato cha Kwanza kwa kila mkoa, ili mikoa iliyochelewa isifungiwe mlango. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mpango huo ukatekelezwa kuanzia mwaka 1977.

Mgawo wa mikoa ulikuwa wa haki katika nia yake. Hata hivyo uligusa swali la nani aingie, bila kugusa vya kutosha swali la nini kinamngoja ndani ya darasa. Isitoshe, wazazi wa mikoa yenye uwezo, walipoona nafasi za serikali hazitoshi, walijenga shule za binafsi. Kilimanjaro na Kagera zikaongoza kwa shule hizo. Tofauti iliyotolewa mlangoni ikarudi kwa dirisha.

Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kufuta ada ya shule za msingi, na MMEM ikafuata kuanzia mwaka 2002. Halafu ikaja MMES, na kila kata ikatakiwa kuwa na sekondari. Shule za sekondari zilitoka chini ya 2,000 mwaka 2005 hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2010. Wazazi walibeba mawe na kuchoma matofali, na maelfu ya watoto ambao wasingesoma walipata dawati. Lakini majengo yaliwatangulia walimu. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha takriban watahiniwa 6 katika kila 10 wamepata daraja la sifuri. Mei 2013 Serikali iliyafuta na kuyapanga upya, lakini somo lilikuwa limekwisha kutolewa. Vipimo vya Uwezo, vilivyoanza kufanyika majumbani mwaka 2010, vilisema jambo hilohilo kwa watoto wadogo: wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya darasa la pili, na tofauti kati ya wilaya na wilaya ilikuwa kubwa.

Januari 2016 elimu bila malipo ilianza hadi Kidato cha Nne, na ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ikawekwa sh. 10,000 kwa mwaka. Hapa naomba mtafakari. Shilingi ileile kwa kila mtoto ni usawa wa hesabu. Katika shule ya mjini yenye walimu wa kutosha, umeme, na wazazi wanaochangia chakula, fedha hiyo huongeza juu ya kilichopo. Katika shule ya pembezoni, mwalimu mmoja hufundisha madarasa mawili, na mwalimu mpya huomba uhamisho kabla ya mwaka kwisha kwa kukosa nyumba. Huko fedha hiyohiyo huzama bila kuonekana. Haki hudai aliye nyuma apewe zaidi.

4. Umaskini si hukumu

Msikate tamaa mkidhani kwamba mahali maskini pataendelea daima kuwa nyuma. Katika nchi ya Brazil, yenye mfumo wa shirikisho, kila jimbo na kila halmashauri huendesha shule zake, na kwa muda mrefu majimbo ya kaskazini mashariki yalikuwa nyuma ya yale ya kusini. Sobral ni mji wa jimbo la Ceará, katika ukanda huo wa ukame na umaskini. Mnamo mwaka 2001 viongozi wake waliona kwamba watoto wengi wanapanda madarasa bila kujua kusoma. Wakaamua mambo machache na kuyashika: kila mtoto ajue kusoma katika miaka ya mwanzo, wakuu wa shule wachaguliwe kwa uwezo wao badala ya kupendekezwa na wanasiasa, walimu wasaidiwe kila mwezi, kila mtoto apimwe usomaji wake.

Mwaka 2007 jimbo zima la Ceará lilibadili sheria, hata sehemu ya kodi inayorudishwa kwa halmashauri ikategemea maendeleo ya elimu. Shule zilizofanya vizuri zilipewa tuzo, lakini ili kuipata yote zilipaswa kuisaidia shule iliyo nyuma. Mwaka 2015 Sobral iliongoza Brazil nzima katika kipimo cha taifa cha madarasa ya mwanzo. Akili za watoto hazikubadilika. Kilichobadilika ni jinsi watu wazima walivyofanya kazi.

5. Neno la Mungu na mafundisho ya Kanisa

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, tunasoma juu ya manung'uniko katika Kanisa la kwanza. Wajane wa Wakristo waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Tazameni Mitume walivyofanya. Hawakusema kwamba wajane hao ni wavivu, wala hawakuwaambia wasubiri mbinguni. Walikubali kwamba mgawo una kasoro, wakaitisha jumuiya, wakachagua watu saba wenye sifa njema wausimamie. Majina ya wote saba ni ya Kigiriki. Yaani upande uliosahauliwa uliingia katika usimamizi wenyewe.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba kila binadamu, wa kabila na hali yoyote, ana haki ya elimu kwa sababu ya heshima yake kama mtu. Baba Mtakatifu Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya watu, alifananisha kukosa elimu na njaa. Nasi tunajua kwamba njaa ya jirani haiponywi kwa kumwambia ajitahidi. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

6. Wajibu wetu

Sasa narudia lile jibu la pili nililoliacha mwanzoni. Hatuwezi kudai haki Dodoma huku tukimnyima mtoto haki nyumbani. Basi nashauri haya.

(a) Mtoto asikoseshwe shule kwa ajili ya kupanda maharage, kuchunga ng'ombe au kuuza mnadani, wala asipelekwe mjini kuwa mtumishi wa ndani. Kila Jumuiya iwajue watoto wake walioacha shule, kwa majina.

(b) Binti aliyejifungua arudi darasani. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu jambo hilo. Mzazi anayemficha humwongezea aibu asiyostahili.

(c) Kila Jumuiya iwasikilize watoto wa darasa la pili na la tatu wakisoma. Kazi hii haihitaji fedha; inahitaji kitabu kimoja na mtu mzima mmoja mwenye subira.

(d) Mwalimu mgeni apokewe kama tulivyowapokea wakimbizi. Kijiji kikimpatia chumba safi na majirani wema, atafikiri mara mbili kabla ya kuomba uhamisho.

(e) Hudhurieni mikutano ya shule. Ulizeni ruzuku imefika lini, kiasi gani, na imetumikaje. Hesabu hizo zinapaswa kubandikwa katika ubao wa matangazo. Muulizeni Diwani idadi ya walimu katika kila shule ya kata, mkailinganishe na shule za makao makuu ya wilaya. Ulizeni kwa heshima, na mrudie kuuliza.

(f) Fanyeni hayo pamoja na ndugu zetu Waanglikana, Walutheri, Wapentekoste na Waislamu. Mtoto aliyekosa mwalimu wa hesabu hakumkosa kwa dhehebu lake.

Ndugu zangu, Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Watu wakabishana kama ni vema au vibaya. Mimi naona orodha yenye faida kwetu ni nyingine, nayo twaweza kuiandika wenyewe katika daftari la Jumuiya: watoto wangapi wa eneo letu wamefika darasa la tatu wakiwa wanasoma, na wangapi bado. Tukiwa na hesabu hiyo mkononi, tutakapokwenda Halmashauri hakuna atakayeweza kutuambia kwamba tunalalamika bure.

Mungu awabariki.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Shule zetu zina walimu wangapi, na wanafunzi wangapi kwa kila mwalimu? Nani kati yetu ataleta hesabu hiyo wiki ijayo?
2. Katika Jumuiya yetu, ni watoto gani wasiokwenda shule, na kwa sababu gani?
3. Mitume walipoambiwa kuwa mgawo una kasoro, walifanya nini? Sisi tunaweza kufanya nini kinachofanana na hicho?