MAPATANO YA BIASHARA NA HAKI YA MFANYAKAZI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Thika na Ruiru)



Sisi watu wa reli tumezoea kuona mali ikipita. Njia ya reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na tangu hapo mazao ya pande hizi yameteremka kwenda pwani: kahawa, katani, baadaye mananasi ya makopo. Kila mzigo una hati, namba na muhuri. Mtu aliyeufanyia kazi hana hata mstari mmoja katika hati hizo. Je, serikali zikiandikiana mapatano ya biashara, zaweza kumtia mtu huyo ndani ya karatasi?

Twasema zaweza, lakini tutazame kwanza yaliyotokea.

Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria iitwayo AGOA, nguo za Afrika ziingie kwao bila ushuru. (Hayakuwa mapatano hasa, ilikuwa ruhusa ya mwenye duka.) Muda wake uliopangwa mwaka 2015 ulifika mwisho tarehe 30 Septemba 2025. Sharti moja lilikuwa kwamba nchi iheshimu haki ya wafanyakazi kuunda chama na kujadiliana na mwajiri, isitumikishe watoto, wala isimlazimishe mtu kazi. Maneno mazuri. Lakini ilipofika Januari 2003, maelfu ya washonaji wa viwanda vya EPZ katika Kenya waliweka makasi chini wakagoma, wakidai mishahara na haki ya kuwa na chama. Sharti lilikuwa limelala miaka miwili na zaidi. Walioliamsha ni akina dada wa vyerehani.

Sasa sikieni upande wa pili. Swaziland, ambayo leo huitwa Eswatini, ilikataa kuuheshimu umoja wa vyama vya wafanyakazi. Marekani ikaiondoa katika AGOA kuanzia tarehe 1 Januari 2015. Mfalme hakukosa chakula. Waliokosa ni washonaji, maana viwanda vilifungwa. Nchi ile ilirudishwa mwaka 2018, baada ya sheria zake kurekebishwa. Basi sheria zilirekebishwa, hatukatai. Lakini aliyelipa gharama ni yule yule aliyekuwa akidhulumiwa.

Jambo hili si la mbali. Juni 2023 gazeti la Guardian la Uingereza lilichapisha madai ya ukatili wa walinzi katika shamba kubwa la mananasi hapa Thika, na maduka ya Tesco yakasimamisha kununua. Huyo alikuwa mnunuzi, si serikali, lakini swali ni lile lile. Mchuma nanasi hakumpiga mtu; oda ikikatwa, wa kwanza kuambiwa akae nyumbani ni nani?

Kwa hiyo sisi twapenda zaidi namna ya Mexico. Aprili 2021, katika kiwanda cha magari cha General Motors mjini Silao, kura za wafanyakazi juu ya mkataba wao wa kazi ziliharibiwa. Marekani ikatumia mapatano ya biashara yaliyoanza Julai 2020, ikataka kiwanda kile kimoja kichunguzwe, si Mexico nzima. Kura ikarudiwa. Februari 2022 wafanyakazi wakachagua chama chao wenyewe, SINTTIA. Hapo fimbo ilimwelekea mwenye kosa.

Na sisi je? Tarehe 18 Desemba 2023 Kenya na Umoja wa Ulaya walitia sahihi mapatano mjini Nairobi, yakaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Yanahusu maua, kahawa, mananasi, yaani riziki ya watu wa hapa. Ndani yake pande zote mbili ziliahidi kutolegeza ulinzi wa wafanyakazi ili kuvuta biashara. Lakini siku ile ya kutia sahihi, Kenya ilikuwa bado haijaridhia Mapatano Namba 87 ya Shirika la Kazi la Kimataifa, yanayohusu uhuru wa kuunda vyama, ingawa ilikwisha ridhia Namba 98 mwaka 1964, na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inatupa haki ya chama na ya kugoma. Hili yafaa viongozi wetu walishike na wasiliachilie.

Malalamiko ya namna hii hayapelekwi kwa uvumi wa kituoni. Mtu wa Ulaya atauliza: tarehe gani, zamu gani, nani aliumia, mkataba wa miezi mitatu umerudiwa mara ngapi? Dada wa Ruiru aliyefutwa kazi kwa kuchukua fomu ya chama huondoka bila kipande cha karatasi, na kesi yake inaishia getini.

Basi twaomba hivi. Kila mmoja atunze hati zake za mshahara na barua za kazi, hata zilizoandikwa vibaya. Wawakilishi wa viwandani waandike ajali siku ile ile. Anayeogopa jina lake lisionekane na amwambie katibu kwa faragha, jina litafungiwa. Daftari la tawi limefunguliwa, na kurasa za Ruiru bado ni tupu.