Mbwa wa Kukaa na Watoto: Tuchague Yupi?

(Mazungumzo na wazazi na vijana wa jumuiya ndogo ndogo)



Tumeombwa tuzungumze juu ya mbwa, na tumesikia wengine wakicheka hapo nyuma. Tukizungumza juu ya ng'ombe wa maziwa hakuna anayecheka. Lakini hebu hesabuni maboma mliyopita asubuhi mkija hapa. Ni mangapi ambayo hayakubweka? Mbwa tunao wengi, ila mara nyingi hatukuwachagua. Walikuja tu.

Swali hili limeletwa na vijana wetu wanaofanya kazi Nairobi na Nakuru. Huko wanaona mbwa wakubwa wenye masikio yanayolala, wanaocheza na watoto kama ndugu zao, na wanataka kuwaletea wazazi nyumbani. Majina wanayotaja ni Labrador, Golden Retriever, Spaniel na Pointer. Wanauliza: hawa watafaa Kisii na Nyamira?

Kwanza tujue ni mbwa wa namna gani. Hao wote ni mbwa wa wawindaji wa ndege, mbwa wa watu wenye bunduki. Pointer hunusa, akimgundua ndege majanini anasimama kimya na kuelekeza pua yake hapo. Spaniel huingia vichakani kumfurusha. Labrador na Golden hutumwa baada ya mlio wa bunduki wamlete ndege aliyeanguka, na wamlete mzima, bila kumtoboa kwa meno. Golden alianza kuzalishwa Uskoti mwaka 1868 na tajiri mmoja, Lord Tweedmouth. Labrador asili yake ni kisiwa cha Newfoundland kule Kanada, ambako mababu zake waliwasaidia wavuvi majini, kisha Waingereza wakamwendeleza kwa uwindaji.

Sasa mnaona upole wao umetoka wapi. Mbwa mwenye hasira aliharibu kitoweo, na mbwa asiyesikia aliharibu siku nzima ya kuwinda, kwa hiyo hao hawakuzalishwa. Walibaki wale wanaopenda kumsikiliza mtu na wenye mdomo laini. Ndiyo sababu familia nyingi duniani huwaweka pamoja na watoto, na hatuwakatazi kuwasifu.

Lakini kazi ile ya kutwa nzima bado iko ndani ya damu. Labrador mzima huwa na kilo 25 hadi 36, na anahitaji kukimbia na kutembea kama saa mbili kila siku. Kwetu shamba ni robo eka, nusu eka, na lenyewe lina majani chai, ndizi na nepia ya ng'ombe. Atakimbilia wapi? Ukimfunga mnyororo mchana kutwa atachimba, atatafuna viatu, atalia mpaka jirani aje kuuliza. Pointer ndiye mbaya zaidi kwa jambo hilo. Spaniel mdogo, yule wa kilo 12 hadi 15, ana nafuu, ila nywele zake ndefu katika matope yetu ya mvua karibu mwaka mzima zitamkalisha mama na kitana kila jioni, akitoa kupe na tope masikioni.

Halafu kuna kuku. Jamani, mbwa aliyeumbwa kuleta ndege mdomoni hatofautishi kwale na kuku wa jirani! Atamleta mzima, bila jeraha, akitikisa mkia, na wewe ndiye utakayeitwa kwa mzee wa kijiji. Anaweza kufundishwa akiwa mdogo, ni kweli, lakini lazima awepo mtu wa kumfundisha kila siku, si mtoto wa shule anayerudi saa kumi na moja.

Chakula nacho si mchezo. Labrador hashibi upesi. Wachunguzi wa Cambridge walionyesha mwaka 2016 kwamba karibu robo ya mbwa hao wana kasoro ya urithi inayowafanya wasikie njaa daima. Kwa ugali na omena atanenepa, na akinenepa viungo vya nyonga, ambavyo kwa jamii hiyo ni dhaifu, vitamtesa.

Na mlinzi je? Anayetaka Labrador amlindie ng'ombe usiku afikiri tena. Wengi wao humkaribisha mwizi kama mgeni wa harusi.

Vijana wengine wamesema watamtumia kuwindia. Hapana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kuwinda hata kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani. Babu zetu walitoka na mkuki na esese wao. Siku hizo zimepita.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya, na anayetaka abishane nasi wakati wa chai. Mwenye uwanja mkubwa wenye ua, mtu mzima anayeshinda nyumbani, na fedha za daktari wa mifugo, amchukue Labrador wa nywele fupi. Boma jingine lolote, mbwa wetu wa kienyeji aliyechaguliwa vizuri anatosha. Huyu tunamdharau bure. Anakula kidogo, ameshazoea hali yetu, anajua kuku ni wa nyumbani, na anajua sauti ya kila mtu wa njia ile. Tunadhani hata yule mbwa aliyefuatana na Tobia katika safari yake, katika Kitabu cha Tobiti, hakuwa na cheti cha ukoo.

Siri iko katika kuchagua. Nenda umwone mama yake kwanza. Kama mama anang'ata wageni au anajificha kwa hofu, watoto wake uwaache. Usimtoe mtoto kabla ya wiki nane, maana kuumana na ndugu zake ndiko kunakomfundisha meno yanauma kiasi gani. Mwinue mikononi, anayetulia baada ya kuhangaika kidogo ni bora kuliko anayepigana mpaka mwisho, na bora kuliko anayekojoa kwa woga. Na msinunue barabarani mtoto wa mbwa anayeitwa "Labrador safi" kwa bei ya mbuzi bila kumwona mama yake. Tunajua boma moja upande wa Nyamira lililouziwa hivyo. Alikua akawa mbwa mzuri tu, masikio yamesimama wima.

Tumefika kwenye jambo lililotuleta hasa. Mbwa awe wa kizungu au wa kienyeji, asiyechanjwa ni hatari kwa mtoto wako. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa wameambukizwa na mbwa, na wengi ni watoto, kwa kuwa ndio wanaocheza naye. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na ili ugonjwa ukatike inatakiwa mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Huduma za mifugo ziko chini ya kaunti. Ulizeni ofisi ya daktari wa mifugo iliyo karibu.

Mtoto akiumwa, hata mkwaruzo mdogo, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili. Msipake pilipili, mafuta wala tumbaku. Mpelekeni hospitali siku ile ile akaanze sindano, na azimalize zote hata kama kidonda kimekauka. Mbwa mwenyewe, kama anaweza kushikwa salama, afungwe na kuangaliwa siku 10, lakini mtoto asingoje siku hizo.

Neno juu ya jike. Mimba yake ni siku 63 hivi, na anaweza kuzaa watoto wanane. Kabla hajapandwa, tafuteni maboma manane yanayowataka, ama mwombeni daktari amfunge uzazi. Wale tunaowakuta kwenye gunia kando ya soko la Keroka walikuwa na mwenyewe.

Haya, maswali. Tunaona mama pale nyuma ameinua mkono kitambo.