Vita Haviishi Siku Bunduki Zinaponyamaza



Leo tutazungumza juu ya filamu. Labda mtu atauliza: filamu ya vyombo vya angani inatuhusu nini sisi tunaotafuta amani? Inatuhusu kwa sababu watazamaji wake walibishana juu ya vita vyenyewe, na katika ubishi huo kuna fundisho kwa kila jamaa inayompokea mpiganaji anayerudi nyumbani.

Star Trek ni filamu ya mfululizo ya Marekani, iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1966. Aliyeibuni, Gene Roddenberry, aliwahi kuendesha ndege za vita katika Vita Kuu ya Pili. Alitaka kuonyesha nyakati zijazo ambapo wanadamu wameshinda njaa na ubaguzi, na wanajaribu maneno kabla ya silaha. Alifariki mwaka 1991. Baadaye ukatoka mfululizo mwingine wa jina hilo, Deep Space Nine, ulioonyeshwa tangu 1993 hadi 1999. Ndani yake kuna vita virefu kati ya Shirikisho la sayari, ambamo wanadamu wamo, na dola liitwalo Dominion.

Tarehe 18 Novemba 1998 ilionyeshwa sehemu iitwayo The Siege of AR-558. Hapa kwetu Kongo vita vya pili vilikuwa vimewaka tangu tarehe 2 Agosti mwaka huohuo. Waliotengeneza filamu hawakuwa wanasema juu yetu, lakini mengi waliyoyaonyesha tunayafahamu.

Kikosi cha Shirikisho kimekaa miezi mitano kwenye sayari ya mawe, kikilinda mtambo wa mawasiliano kilioteka kwa adui. Walikuwa watu 150, wamebaki 43. Kanuni inasema wabadilishwe baada ya siku 90, lakini hakuna aliyekuja. Mmoja anakataa kufunguliwa kitambaa cha kidonda, kwa sababu aliyemfunga ni mwenzake ambaye sasa ni marehemu. Mwingine anavaa shingoni vichupa vya dawa alivyovitoa kwa maadui aliowaua. Maadui hao, Jem'Hadar, wametengenezwa kwa ajili ya kupigana tu, na wakubwa wao wanawashika kwa dawa wasiyoweza kuishi bila hiyo.

Tena kuna mabomu ya kutegwa yasiyoonekana. Mwanzoni wanajeshi wanayalaani. Halafu wanapata njia ya kuyagundua, na Kapteni Sisko anaamuru yahamishwe ili yawaue maadui. Kijana Nog anapigwa mguuni, na mguu unakatwa. Mtambo hautekwi, lakini wanaobaki wazima ni wachache.

Mashabiki waligawanyika. Wengine walisema kwamba filamu hii imesaliti matumaini ya Roddenberry. Waliuliza: kama hata katika hadithi ya kubuni wanadamu wa kesho wanauana namna hii, vijana watajifunzia wapi amani?

Wengine walijibu kwamba uongo mkubwa ni filamu ya vita ambamo shujaa anapiga risasi, anacheka, na kesho yake amesahau. Walikumbusha kwamba mwongozaji wa sehemu hii, Winrich Kolbe, alipigana mwenyewe Vietnam, na kwamba uchovu na woga wa wale wanajeshi si wa mtu aliyesimuliwa.

Ubishi wa tatu ulihusu mabomu. Silaha uliyoiita ya kinyama jana, je, inakuwa halali leo kwa kuwa imo mkononi mwako? Wako waliosema Sisko hakuwa na njia nyingine. Wako waliosema hapo ndipo vita vilipowashinda wote. Swali hili si la filamu tu. Mkataba wa kukataza mabomu ya kutegwa dhidi ya watu ulitiwa sahihi Ottawa mwezi Desemba 1997, na Kongo ikajiunga nao mwaka 2002. Bomu la namna hiyo halimwulizi anayelikanyaga kama yeye ni mwanajeshi au mama anayekwenda shambani.

Kwa maoni yangu, waliosema juu ya uchungu wa wanajeshi wako karibu zaidi na ukweli, na ushahidi uko katika hadithi iliyofuata. Tarehe 30 Desemba 1998 ilionyeshwa sehemu ya kurudi kwa Nog, It's Only a Paper Moon. Amepewa mguu mpya. Waganga wanasema umepona, lakini yeye bado anachechemea na kusikia maumivu. Anawakwepa rafiki zake na kujificha katika nyumba ya michezo ya kubuni. Mwishowe anasema kinachomtesa: kabla ya hapo aliamini kwamba kifo ni cha wengine, sasa anajua kinaweza kumfikia yeye. Aron Eisenberg, aliyemwigiza Nog na kufariki mwaka 2019, alieleza hadharani kwamba wanajeshi waliotoka vitani walimwendea wakamshukuru, kwa sababu walijiona wenyewe katika Nog.

Ndugu zangu, sisi tunahesabu bunduki zilizorudishwa. Ni kazi nzuri, na iendelee. Lakini nani anahesabu usiku ambao kijana aliyerudisha bunduki hakulala? Akichapa mke wake, akikataa kazi, akikaa peke yake, tunasema roho yake ni mbaya. Na majirani aliowaumiza, nao wana usiku wao. Tusimtetee huyu kwa kuwasahau wale. Mgonjwa wa roho anahitaji kusikilizwa, na aliyetendewa mabaya anahitaji ukweli na haki.

Basi, mkirudi kwenye vikundi vyenu, mzungumze juu ya maswali haya matatu. Katika mtaa wetu, ni nani amerudi kutoka vitani na hakuna aliyemwuliza habari zake? Ni nani aliumizwa na bado anangoja kusikilizwa? Na ni silaha gani, au ni maneno gani, tunayoyalaani yakitoka kwa wengine na kuyatumia sisi wenyewe?