Dhuluma ya Mali Ndani ya Ndoa: Kuitambua na Kujinasua Nayo

(Hotuba iliyotolewa msikitini baada ya Swala ya Isha, mbele ya akina baba, akina mama na vijana)



Ndugu zetu katika imani, tumezoea kuzungumza hapa juu ya dhuluma ya sokoni: mizani isiyo sawa, riba, na mtu anayekopa huku hana nia ya kulipa. Usiku huu tunaomba ruhusa yenu tuingie ndani ya nyumba, tutazame dhuluma inayotendwa baina ya mume na mke, ambayo hufunikwa kwa pazia la heshima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita alitujia mama mmoja katika kamati yetu ya suluhu. Alikuwa amefanya kazi za nyumbani huko Oman kwa miaka minne, na karibu mshahara wake wote aliutuma kwa mumewe kwa makubaliano kwamba watajenga nyumba yao. Aliporejea aliikuta nyumba imesimama, ina bati na madirisha. Lakini kiwanja kimeandikwa jina la shemeji yake. Alipouliza, aliambiwa kwamba mke mwema hamhesabii mumewe. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulimsomea fadhila za subira, tukamwombea dua, tukamrudisha nyumbani. Hatukuuliza swali hata moja kuhusu fedha zile. Baada ya mwaka akaja tena, safari hii na mfuko wa plastiki uliojaa stakabadhi za kutumia fedha. Alizipanga mezani moja baada ya nyingine, kimya, hadi meza ikajaa. Hapo ndipo tulipofahamu kuwa mara ya kwanza hatukumnasihi, bali tulimsaidia aliyemdhulumu.

MALI YA MKE NI YA NANI?

Katika Uislamu, ndoa haimnyang'anyi mwanamke mali yake. Sura An-Nisaa, aya ya 4, imeamrisha wanawake wapewe mahari yao, na imehalalisha mume kula sehemu yake pale tu mke anapoitoa kwa ridhaa ya nafsi yake. Aya ya 32 ya sura hiyo imeeleza kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Aya ya 19 imekataza kuwazuia wanawake kwa dhiki ili waachilie baadhi ya walichopewa. Bibi Khadija r.a. alikuwa mfanyabiashara mwenye mali yake kabla ya kuolewa na Mtume s.a.w., na alipoitumia mali hiyo katika njia ya Mwenyezi Mungu aliitumia kwa hiari yake.

Ama matumizi ya nyumba, hayo ni wajibu wa mume kwa kadiri ya uwezo wake, kama inavyofundisha Sura At-Talaaq, aya ya 7. Tunafahamu pia kisa cha Hind, mke wa Abu Sufyan, aliyemshitakia Mtume s.a.w. kwamba mumewe ni mzito wa mkono na hampi yanayomtosha yeye na wanawe. Mtume s.a.w. hakumwambia kwamba ametoa siri ya nyumba, wala hakumwita mke mkaidi. Alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Tuzingatie mambo mawili hapa: malalamiko yake yalisikilizwa, na alichoruhusiwa ni cha kutosha, si cha kufuja.

DALILI ZAKE

Tusichanganye dhuluma na umaskini. Mume aliyekosa kazi, akala uji pamoja na watoto wake na kuwaeleza ukweli, huyo si dhalimu. Wala si dhuluma wanandoa kukubaliana kubana matumizi, au mke kumsaidia mumewe kwa moyo mkunjufu. Zainab, mke wa Ibn Mas'ud, alipouliza kama anaweza kumpa sadaka mumewe, Mtume s.a.w. alimbashiria ujira mara mbili: wa ujamaa na wa sadaka. Lakini alitoa kwa kupenda. Basi mizani yetu iwe na maswali matatu. Je, kuna ridhaa? Je, kuna uwazi wa pande zote mbili? Je, anayesema hapana anabaki salama? Yakikosekana haya, tazameni dalili zifuatazo.

Kwanza, mmoja anataka kujua kila shilingi ya mwenzake, ilhali yake mwenyewe ni siri. Anashika kadi ya benki na simu ya mwenzake, anaijua nambari yake ya siri, na kila ujumbe wa fedha unapoingia yeye ndiye wa kwanza kuutoa.

Pili, matumizi ya nyumba yamegeuzwa fimbo. Mke akinyamaza, fedha ya chakula inapatikana. Akiuliza jambo, siku tatu hakuna kitu mezani. Watoto wanalala na njaa ili mama yao ajifunze adabu.

Tatu, mikopo kwa jina la mwingine. Mke anashinikizwa kukopa katika kikundi au kwa wale wakopeshaji ambao watu wamewapa jina la kausha damu. Fedha anachukua mume, na siku ya marejesho anayefuatwa mlangoni na kuchukuliwa vyombo ni mke.

Nne, mali iliyochumwa na wawili inaandikwa jina la ndugu, au inauzwa bila mwenzake kujua.

Tano, mahari inayosamehewa kwa machozi. Mke anaambiwa asamehe ama aachwe, kisha mashahidi wanaitwa kusikia kwamba amesamehe. Hiyo si ridhaa ya nafsi.

Tuseme kwa uadilifu kwamba wapo pia wanaume wanaodhulumiwa na wake zao, na wazee wanaonyang'anywa pensheni na watoto waliowazaa. Hukumu ni ile ile. Mwenyezi Mungu katika Sura An-Nisaa, aya ya 135, ametutaka tusimamie uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu.

NJIA YA KUJINASUA

Mficha uchi hazai. Hatua ya kwanza ni kusema, lakini kwa busara. Ikiwa kuna hofu ya kupigwa, usimkabili mwenzako mkiwa peke yenu, wala usimtangazie unachokusudia kufanya. Mweleze kwanza mtu mmoja unayemwamini: mzazi, kaka, jirani, au mama wa jumuiya yetu. Katika hatari, nenda kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi au kwa afisa ustawi wa jamii. Kujilinda si kuvunja ndoa.

Hatua ya pili ni kuandika. Aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, inayohusu uandikaji wa madeni, ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Vipi tunaona aibu kuandikiana? Andika ulichochuma, ulichotuma, ulichokopa na kwa ajili ya nani. Hifadhi stakabadhi, nakala ya cheti cha ndoa na nakala ya hati za kiwanja kwa mtu mwaminifu nje ya nyumba.

Hatua ya tatu ni kuziba tundu. Ikiwa ni salama kufanya hivyo, badili nambari ya siri ya simu na ya benki, na usiweke sahihi au dole gumba kwenye karatasi usiyoisoma au kusomewa. Usikope deni jipya kulipa la zamani. Mwendee mkopeshaji ukiwa na shahidi, omba upangiwe marejesho unayoyaweza, na upewe kwa maandishi.

Hatua ya nne ni suluhu yenye haki. Sura An-Nisaa, aya ya 35, imetuelekeza kuweka hakamu wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Hakamu hao wasikae kuhimiza subira tu, bali waulize hesabu.

Suluhu ikishindikana, sheria ipo. Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua mwanamke aliyeolewa kuwa ana haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, inamtwika mume wajibu wa kumtunza mkewe, na inakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Aidha, mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Ndugu zetu wa Kenya wana sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa majumbani, nayo imeitaja dhuluma ya kiuchumi kuwa mojawapo ya ukatili huo.

Hatua ya mwisho ni kuiponya nafsi, na hii huchukua muda mrefu. Aliyedhulumiwa hujilaumu: kwa nini niliamini? Tunamwambia kwamba kumwamini mwenza si ujinga. Aibu ni ya aliyevunja amana. Aanze na kidogo: akiba ndogo iliyo mikononi mwake, kazi ndogo anayoiamua mwenyewe.

KWA ALIYEDHULUMU

Pengine yupo kati yetu usiku huu anayejiona katika maneno haya. Mlango wa toba haujafungwa. Lakini wanazuoni wetu wamefundisha kwamba haki ya kiumbe haifutwi kwa istighfari peke yake. Sharti irudishwe kwa mwenyewe, au asamehe kwa hiari yake. Swala za usiku hazitalipa fedha ya mke uliyoichukua kwa hila.

Ama yule mama wa stakabadhi, hakamu walikaa mara tano. Shemeji alikana, kisha akakiri, na mwishowe jina lake liliondolewa, yakaandikwa ya mume na mke kwa pamoja. Fedha zilizokwisha kuliwa hazikurudi. Nasi tulimwomba radhi mbele ya kamati nzima. Tangu siku hiyo, kila anayeketi mbele yetu na malalamiko ya ndoa tunamwuliza kuhusu mali kabla ya kumwambia asubiri.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitie nyumba zetu uaminifu, awarudishie waliodhulumiwa haki zao, na atujaalie sisi tusiwe ukuta wa kuwaficha madhalimu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.